Nani Atakaa na Mtoto: kisa cha familia moja ya Nakuru na tamthilia ya Adolescence

Alhamisi moja ya Juni 2025, saa kumi na robo jioni, mpwa wangu wa miaka 14 alimsukuma msichana wa darasa lao kando ya barabara ya vumbi katika mtaa wa Free Area, Nakuru. Msichana alitumbukia mtaroni, akajikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa wa kifundo cha mkono ukapata ufa. Kijana hakukimbia. Alibaki ukingoni mwa mtaro, begi mgongoni, mpaka mama mmoja wa mboga alipoacha meza yake akaja kumtoa yule mtoto. Mama alimuuliza amefanya nini. Akajibu maneno mawili: "Ameanza yeye."

Ninaandika kwa ruhusa ya dada yangu na mumewe. Wazazi wa msichana nao walikubali, kwa sharti kwamba majina yasitajwe wala shule isijulikane. Mimi ni mjomba wa kijana. Kwetu Wabukusu mjomba anaitwa khocha, na ana kazi yake: mvulana anapokaribia kutahiriwa huja kwake akipiga njuga, naye mjomba huchinja, humvalisha nyama ya kidari shingoni, na humwambia maneno makali mbele ya watu ili ajue utu uzima si mchezo. Nayataja haya mapema kwa sababu maneno yangu yamo ndani ya kisa hiki, na sitayaruka yakifika mahali pake.

Katika siku zilizofuata sote tulihangaika kwa ajili ya kijana huyu. Kuna aliyefuta, kuna aliyechapa, kuna aliyelipa, kuna aliyeshauri. Aliyekaa naye hakuwepo.

Usiku wa kwanza

Dada yangu ndiye aliyepata habari kwanza, kupitia simu ya jirani. Kabla mumewe hajarudi kutoka kazini alikuwa ameshaichukua simu ya kijana, akaingia kwenye grupu la WhatsApp la darasa, akafuta kila alichoweza kukifuta, kisha akamtoa mwanawe humo. Ananiambia hakuyasoma aliyoyafuta. Alijua tu kwamba kama kuna kitu kibaya, kimo mle, na kwamba polisi wakija kitu hicho kisiwepo.

Nimemwelewa, na bado nasema alikosea. Sheria yetu ina jambo hapa ambalo wazazi wengi hawalijui. Kifungu cha 396 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemsaidia mkosaji kuepa adhabu naye anakuwa mshiriki baada ya kosa. Kisha kinatoa msamaha: mke hawi mshiriki kwa kumsaidia mumewe, wala mume kwa kumsaidia mkewe. Mama kwa mwanawe hakutajwa. Yaani sheria imechora mstari wa damu na upendo kuzunguka kitanda cha ndoa, ikamwacha nje mtu ambaye, ukiwauliza akina mama kumi wa Free Area, wote kumi watakwambia ndiye wa kwanza kuficha. Dada yangu alikaa kimya nilipomweleza. Halafu akasema, "Kaka, ningefuta tu." Nadhani alisema kweli.

Shemeji ni fundi wa mabomba. Wakati huo alikuwa na kazi ya nyumba mpya upande wa Kiamunyi, akifika nyumbani saa mbili usiku akinuka plastiki iliyochomwa, kwa maana mabomba ya siku hizi huunganishwa kwa mashine ya moto. Alielezwa mlangoni. Akaingia chumba cha watoto na kipande cha bomba alichokuwa nacho kwenye mfuko wa zana. Hakumuuliza kijana swali hata moja kabla ya kumchapa, na alipomaliza kumchapa hakuwa tena na sauti ya kuuliza. Alitoka akakaa nje kwenye ngazi mpaka watu wakalala.

Na mimi? Nilipigiwa simu saa tatu usiku. Nikaomba nipewe kijana. Tulizungumza dakika tisa, na nikisema tulizungumza nadanganya, kwa sababu nilisema peke yangu. Nilimweleza habari za heshima, za wasichana, za jina la ukoo. Yeye alisema "ndiyo mjomba" mara nne. Nilikata simu nikiwa nimeridhika.

Kikao cha Jumamosi

Ijumaa wazazi wa msichana walikwenda kituo cha polisi, wakaandikishwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, wakapewa fomu ya P3 ijazwe na daktari. Jumamosi asubuhi shemeji alikwenda kwao na wazee wawili wa kanisa na shilingi 15,000 ndani ya bahasha. Lugha ilikuwa ile tunayoijua sote: tumalizane nyumbani, watoto ni wetu, mambo ya kotini yanaharibu maisha. Baba wa msichana hakuwa mgumu. Alishukuru kwamba wamekuja kiungwana. Kijana aliitwa, akasimama karibu na mlango, akaambiwa aombe msamaha, akasema "samahani" akitazama kapeti, akaambiwa aende akangoje nje. Yote yalichukua muda mfupi kuliko chai iliyofuata.

Mama wa msichana ndiye aliyezuia bahasha isiguswe. Shemeji anayakumbuka maneno yake vizuri: "Nyinyi mnazungumza juu ya mkono. Mkono utapona. Huyu mtoto hajacheka mbele ya watu tangu hiyo picha itoke, na hakuna aliyemwita hapa hata aketi."

Shemeji hakujua ni picha gani. Wazee wa kanisa hawakujua. Ile iliyofutwa Alhamisi usiku ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe, na familia yetu ilikuja kuamua kesi ambayo haikuwa imeisoma.

Binti aliporudi kutoka Njoro

Binti mkubwa wa dada yangu anasoma chuo kikuu Njoro. Alifika jioni ya Jumamosi hiyo, akakuta nyumba imenyamaza kama kuna maiti, na baada ya chakula akawaambia wazazi wake wakae. Aliunganisha simu yake na televisheni akawawekea Adolescence, tamthilia ya Uingereza iliyotoka Netflix tarehe 13 Machi 2025. Yeye alikuwa ameshaiona. Hakuwaeleza ni ya nini. Kijana aliambiwa akalale, na nadhani binti alifanya vyema, maana si kitu cha kumtazamisha mtoto aliyechapwa juzi.

Kwa ambao hawajaiona: ni sehemu nne. Polisi wanavunja mlango wa nyumba ya watu wa kawaida alfajiri na kumkamata mvulana wa miaka 13, Jamie Miller, kwa kumuua kwa kisu mwanafunzi mwenzake, Katie. Baba yake, Eddie, ni fundi wa mabomba. Aliyemwigiza Eddie ni Stephen Graham, ambaye pia aliandika hadithi pamoja na Jack Thorne. Jamie ameigizwa na Owen Cooper, kijana ambaye hakuwahi kuigiza mbele ya kamera kabla ya hapo, na Septemba 2025 akashinda tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15. Swali la nani aliua halikawii. Mwisho wa sehemu ya kwanza mtazamaji ameshajua. Karibu saa tatu zinazobaki ni za watu waliobaki na jibu hilo.

Mwongozaji, Philip Barantini, alipiga kila sehemu kwa mkupuo mmoja, kamera haizimwi wala picha haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Waandishi wengi wameisifu kama ufundi. Mimi naona ina kazi nzito zaidi ya ufundi. Katika tamthilia ya kawaida, jambo likizidi uchungu, picha inakatwa, tunapelekwa mtaa mwingine, tunapumua. Hapa hakuna mahali pa kupelekwa. Baba akiwa chumbani na mtoto wake, na sisi tumo chumbani, na mlango umefungwa. Sisi katika maisha yetu ndio tunaokata picha. Tulikata Alhamisi usiku mara tatu, kwa kidole, kwa bomba na kwa simu.

Kuna jambo la kisheria mle ambalo shemeji alilishika mara moja. Mtoto akihojiwa na polisi Uingereza lazima awe na mtu mzima kando yake, na Jamie anapoulizwa anamtaka nani, anamchagua baba. Kwa hiyo Eddie, ambaye asubuhi hiyo aliamka akiwaza kazi, anaketi kwenye kiti kando ya mwanawe, anasikia kila swali, na mwishoni anaonyeshwa picha za kamera ya usalama. Mtazamaji haonyeshwi zile picha vizuri. Anaonyeshwa uso wa baba. Mtoto ananyoosha mkono amguse baba yake, na baba anajivuta nyuma, mwili wenyewe umekataa. Halafu anamkumbatia.

Dada yangu anasema hapo ndipo mumewe aliposimama akazima televisheni. Alikuwa ameona kitu kingine pia. Kijana alikuwa amesimama kwenye korido, gizani, miguu mitupu, akitazama kwa mbali. Baba na mwana wakaangaliana. Baba akasema, "Nenda ulale." Naye akaenda kulala. Mara ya nne.

Sindano

Jumatatu familia zote mbili ziliitwa na afisa wa watoto, kwa sababu polisi walipoona umri wa kijana walielekeza jambo lile huko. Ni vizuri kueleza mahali tuliposimama kisheria. Kwa muda mrefu Kenya ilihesabu mtoto wa miaka 8 kuwa anaweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri huo hadi 12. Aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa bado hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama iridhishwe vingine. Uingereza, alikokamatwa Jamie, ni miaka 10. Mpwa wangu alikuwa ametimiza 14 Aprili, miezi miwili kabla, na shemeji alipoambiwa hivyo aliuliza kama miezi miwili inaweza kuhesabiwa kweli. Inahesabiwa. Ila sheria hiyohiyo inaruhusu kesi ya mtoto ielekezwe nje ya mahakama, iwapo mtoto mwenyewe anakiri wajibu wake bila kulazimishwa, na Katiba, ibara ya 53, inataka kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa. Tatizo la mpwa wangu lilikuwa kwamba hakuwa amekiri kitu. Alikuwa amesema "ameanza yeye" na "samahani", na kati ya maneno hayo hakukuwa na kitu.

Mama wa msichana alikuwa amehifadhi picha za skrini. Ndipo wote walipoona.

Jumatatu ya wiki ya tukio, siku tatu kabla ya mtaro, kijana alikuwa amejigamba kwenye grupu kuhusu Agosti 2024, mwaka wake wa tohara, kwamba yeye ni mwanaume na wengine ni watoto. Msichana akamjibu kwa alama moja ya emoji: sindano. Kando yake uso unaocheka hadi machozi. Wenzao wakashangilia kwa makumi. Usiku huohuo kijana akachukua picha ya darasa ya safari ya Ziwa Nakuru, akamkata msichana mdomo peke yake, meno yakionekana, akaandika juu yake STRUNGI, akaifanya stika. Kufikia Jumatano stika ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu kumi na moja.

Msomaji wa Nakuru hahitaji kuelezwa. Strungi ni chai ya rangi. Msichana amezaliwa hapo, na amekunywa maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa, ambayo yana floraidi nyingi, na floraidi ikimpata mtoto wakati meno yake yanajengeka, yanatoka na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Mpwa wangu ana meno meupe kwa sababu moja tu: aliishi Bungoma mpaka akiwa na miaka tisa, meno yalikuwa yameshajengeka. Na anayejua habari hizi kuliko mtu yeyote mle ofisini alikuwa baba yake, ambaye ameunganisha matangi ya maji ya visima hivyo nyumba kwa nyumba, na ambaye amewahi kuwashauri wateja wachuje maji kwa makaa ya mifupa. Hakuwahi kumwambia mwanawe. Kwa nini angemwambia? Yalikuwa mambo ya kazi.

Lakini ile sindano hakuielewa. Aliitazama akamgeukia mkewe: "Kwani hawa watoto wanajidunga?"

Katika sehemu ya pili ya Adolescence kuna askari mpelelezi, Luke Bascombe, ambaye amesoma ujumbe wa Katie kwa Jamie akadhani walikuwa marafiki. Mwanawe mwenyewe, anayesoma shule ileile, anamwita kando kwa aibu na kumfafanulia zile alama, kidonge chekundu, baruti, namba mia, kwamba ni matusi, kwamba msichana alikuwa akimwambia Jamie hakuna atakayemtaka maishani. Mpelelezi ameshika ushahidi mkononi na hajui kuusoma. Nilipoiona sehemu hiyo nilidhani waandishi wamezidisha. Wiki mbili baadaye nikasimuliwa habari za shemeji yangu na ile sindano.

Binti wa Njoro ndiye aliyemwambia baba yake nje ya ofisi, kwa sauti ndogo. Sindano maana yake ulitahiriwa hospitalini. Ulidungwa ganzi. Hukusimama mbele ya kisu.

Agosti

Hapa nifike mahali pangu.

Shemeji alimpeleka mwanawe hospitalini kwa sababu aliogopa kisu kimoja kupita kwa vijana wengi. Alifanya jambo la akili. Sherehe ikafanyika nyumbani, kijana akaja kwangu na njuga zake, nikachinja, nikamvalisha. Na mbele ya umati, nikiwa nimeshika mkia wa maneno ya mababu, nikamwambia: "Kisu cha hospitali hakimtazami mtu machoni. Wewe utatafuta wapi ushahidi kwamba ulisimama?" Watu walicheka sana. Nilijiona nimesema vizuri.

Alikuwa na miaka 13. Alirudi Nakuru na sentensi hiyo. Alimwambia rafiki mmoja, rafiki akamwambia mwingine, na baada ya miezi kumi ilirudi kwake ikiwa imefupishwa kuwa alama moja, imetumwa na msichana ambaye, nina hakika, hakujua ameokota jiwe la nani.

Sisemi haya ili msichana apunguziwe uzito wa aliyotendewa. Sindano ilimuuma kijana mbele ya darasa. Stika ilimkata msichana mdomo na kuutandaza kwenye simu kumi na moja, na kusukumwa kulimvunja mkono. Vitu hivyo havilingani. Sheria ya 2018 ya uhalifu wa mitandaoni inautambua unyanyasaji wa namna ile kuwa kosa lake peke yake. Kuna askari wa kike katika sehemu ya pili, Misha Frank, anayelalamika kwamba watu watamkumbuka aliyeua na Katie atasahauliwa. Nimeandika aya hizi zote na msichana wa kisa hiki bado yuko ukingoni mwa ukurasa. Nitasema nilichoelezwa na mama yake, kwa sababu alitaka kisemwe: alikuwa na mazoea tangu mdogo ya kufunika mdomo kwa mkono wa kushoto akicheka. Mkono ukafungwa plasta. Siku zile alikuwa akivuta kola ya sweta mpaka puani, hata ndani ya nyumba, hata akiwa na mdogo wake wa miaka mitatu peke yao.

Saa ya mchana, Kiamunyi

Shemeji aliimalizia tamthilia peke yake. Siku ya Jumatano, mapumziko ya saa saba, ndani ya nyumba isiyo na madirisha bado, ameketi juu ya mfuko wa saruji, simu imeegemezwa kwenye koki. Binti alikuwa amemwachia sehemu ya nne ikiwa imepakuliwa.

Sehemu hiyo ni miezi kumi na mitatu baada ya kukamatwa. Ni siku Eddie anatimiza miaka 50. Watu wameliandika gari lake la kazi neno chafu, anakwenda dukani na mkewe na binti yake kutafuta cha kuliondoa, haliondoki, anamwaga rangi juu yake. Njiani Jamie anapiga simu kusema atakiri kosa. Baadaye mume na mke wanakaa chumbani na kuulizana walimkosea wapi. Alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, wakadhani yuko salama. Eddie anasema baba yake alikuwa akimchapa, naye aliapa hatafanya hivyo kwa watoto wake, na hakufanya.

Shemeji alinipigia saa nane kasoro. Hakunisalimu. "Yule hakumchapa mtoto wake, shemeji. Mimi nimechapa. Na yake imeishia pale. Sasa nifanye nini?"

Ni swali zuri kuliko uchambuzi wowote nilioona wa tamthilia hii, kwa sababu linakataa jibu rahisi. Kuacha kiboko ni lazima, na nilimwambia hivyo, lakini Adolescence haisemi kwamba kuacha kiboko kunatosha. Kuna jambo dogo linalosimuliwa mle, ambalo kwangu ndilo shina. Eddie alimpeleka Jamie mpirani. Jamie hakujua kucheza. Kina baba wengine wakacheka, na Eddie, kwa aibu, akageuza uso. Mtoto akamtazama baba, akakuta baba anatazama kwingine. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa.

Nilimkumbusha hilo. Alinyamaza kidogo, akasema ana bomba linavuja, akakata.

Jioni ile aliingia chumba cha watoto, akapindua mtungi wa lita 20 akaukalia. Mdogo wa kijana alitolewa akalale na mama. Ilikuwa saa moja na nusu. Dada yangu alipita mlangoni mara kadhaa na anasema kwa muda mrefu hakusikia neno. Kijana alikuwa amelala amegeukia ukuta. Baba hakuuliza. Alikuwa na nguo za kazi, harufu ya plastiki imejaa chumba, mikono juu ya magoti. Ilipokaribia saa mbili na robo kijana alisema, bila kugeuka, "Unangoja nini?"

"Nakungoja wewe."

Waliongea mpaka saa nne kupita. Sijui yote, na sikuuliza yote. Najua kijana alisimulia msukumo wenyewe: kwamba alitaka apite tu, msichana akamwambia "rudi kwa daktari", na mikono ikaenda kabla hajaamua. Najua alisema aliona mkono umepinda chini na akatamani kushuka mtaroni, miguu ikakataa. Najua alilia kwa stika kuliko kwa mkono. Na najua alimweleza baba yake habari za Agosti, kwa sababu shemeji alinipigia usiku uleule na kuniambia, bila hasira, "Maneno yako bado yanakaa kwetu. Njoo uyachukue."

Simu kumi na moja

Nilipanda matatu Jumamosi. Nilikaa na kijana kwenye ngazi za nje, pale alipokaa baba yake usiku wa kwanza. Aliniuliza kama nilimaanisha. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu mila, namna mjomba anavyopaswa kumkaripia mvulana, namna umati unavyotarajia. Nilimwambia kwamba nilitaka watu wacheke, na kwamba nilikosea, na kwamba baba yake alichagua vyema. Hakujibu. Aliendelea kuchuna rangi ya ukuta kwa kucha. Baadaye akauliza ng'ombe niliyemwahidi anaendeleaje, nikamweleza.

Kikao cha pili kilifanyika kwa afisa wa watoto. Safari hii msichana aliketi kwanza, na aliulizwa kwanza. Kijana alisema aliyotenda kwa mpangilio, stika kabla ya mtaro, baba yake kando yake kwenye kiti. Msichana hakutaka kuombwa msamaha tena. Alitaka jambo moja: ile picha itoke kwenye simu za watu. Afisa alianza kueleza jinsi ilivyo vigumu, na kijana akasema, "Nawajua wote waliohifadhi."

Kwa hiyo jioni baada ya kazi wanazunguka, baba na mwana, kwa pikipiki ya shemeji. Wanabisha geti. Kijana anaeleza mwenyewe, mbele ya wazazi wa mwenzake, alichotengeneza, alichoandika juu yake, na kwa nini meno yale yako vile. Hilo la maji alijifunza kwa baba yake siku zile, na analieleza vizuri, hata habari za makaa ya mifupa. Kisha anaomba simu ifunguliwe na stika ifutwe akiona. Shemeji hasemi kitu. Amesimama pale. Katika nyumba moja mwenye nyumba alicheka akasema watoto ni watoto, akataka kufunga geti, na shemeji akasema tu kwamba wanaweza kungoja. Walingoja nje hadi mama wa nyumba akatoka na simu.

Mama wa msichana alipokea pesa za hospitali baada ya hapo, si kabla. Plasta ilitolewa Julai. Msichana na mpwa wangu hawaongei shuleni, na hakuna aliyewaomba waongee.

Simu tisa zimefunguliwa. Ya kumi iko Lanet, kwa mvulana aliyehama shule. Ya kumi na moja ni ya mtoto wa mmoja wa wale wazee wawili wa kanisa. Wamekwenda mara mbili wakaambiwa hayupo. Shemeji amesema Jumapili watarudi.